Zawadi Uliyoitangaza Harusini

Kaniha, Biharamulo,
9 Aprili 2025.

Mpendwa kaka Desderius,

...basi sikumaliza niliyokuwa nakuambia, maana simu ilikatika, na tangu siku ile hupokei. Ndiyo maana naandika. Jirani yetu Malongo anapeleka mahindi huko kwenu Tabora, atakukabidhi barua hii mkononi. Lakini kwanza shikamoo, kaka. Wifi Anjelika hajambo? Watoto wamepona vifua? Sisi huku wazima kabisa.

Kaka, ndoa ni tamu! Kila asubuhi Fideli ananiamsha, "Malkia wa Ntobeye, chai tayari." Juzi mvua ilijaza dimbwi njiani, akanibeba mgongoni mbele ya mama mkwe! Nilificha uso kwa aibu, huku moyoni nacheka.

Yule mbuzi aliyenizawadia shangazi Scholastika harusini amezaa mapacha. Nikiwaona wakirukaruka uani naikumbuka zawadi yako. Wenzio walitangaza mbuzi na masufuria, wewe ukashika kipaza sauti: "Bibi harusi, mimi mwalimu sina mbuzi. Zawadi yangu ni mdogo wako Wema. Nitamsimamia mpaka avae koti la udaktari." Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mimi nililia, poda yote ikaharibika. Hakuna zawadi iliyonifurahisha kama ile.

Jumapili Wema alikuja kututembelea. Kidato cha nne amepata A ya baiolojia, B ya kemia na B ya fizikia. Nikamkumbatia, nikamwambia, "Daktari wangu! Umechagua PCB, siyo?" Akainamisha kichwa.

"CBG, dada. Kaka alinipigia akasema nibadilishe. Eti fizikia ya kidato cha tano itanipasua kichwa."

"Akasema nini kingine?"

"Kasema nisije nikawa kama wewe, ulianza na sayansi ukaishia kuolewa."

Kaka, sufuria ilinitoka mkononi.

Wewe ndiye mwalimu, unajua kuliko mimi. PCB ni fizikia, kemia na baiolojia; CBG ni kemia, baiolojia na jiografia. Ni nzuri kwa anayeipenda, lakini bila fizikia hakuna chuo kitakachompokea asomee udaktari. Ulilijua hilo ulipompigia. Ungeona hawezi, ungeniambia mimi, tukabishana kama zamani. Ukapita nyuma yangu.

Na hilo la mimi ndilo linaloniuma zaidi. Shuleni kwetu tulisoma fizikia miaka miwili bila mwalimu, unajua. Wewe mwenyewe ulikuwa unanifundisha likizo, nyuma ya jiko la mama, unachora mishale ya nguvu kwa mkaa ukutani. Nilipofeli ulinifuta machozi ukasema kosa si langu. Kumbe leo mimi ndiye mfano wa kumtishia mtoto! Sikuishia kuolewa, kaka. Nilipenda, nikaolewa, na nina furaha ambayo sikujua kama ipo. Usiifanye kuwa adhabu ya kufeli.

Wema shuleni kwao ana mwalimu wa fizikia, na anaipenda. Nilipomuuliza kama anaogopa alinijibu, "Ninaogopa, lakini naitaka. Nitamkataliaje kaka?" Ameng'ang'ania hapo. Bila ruhusa yako habadilishi, na nafasi ya kubadilisha inafungwa mwisho wa mwezi.

Nilimsimulia Fideli shambani. Aliweka jembe chini. "Alisema mbele ya watu wote wale, halafu anakanusha kwa simu? Basi twende akamwambie mtoto usoni." Unaona mume niliyempata?

Msalimie sana wifi Anjelika, na umbusu Derick kwa niaba yangu. Mama yetu kule nyumbani Ntobeye anakusalimu. Hajui lolote, bado anawaambia majirani kwamba Desderius anamsomesha daktari. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na aulainishe moyo wako.

Nawe jiandae. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, mimi, Fideli na Wema. Nakuletea dume moja la wale mapacha, ili usiseme tena huna mbuzi. Wewe nirudishie zawadi yangu.

Dadako akupendaye, hata akiwa amenuna,
Clotilda