Mkoloni Amefika Kwenu, Otmari

Magomeni, Mtwara

Otmari, mateka wangu,

Nakuita hivyo kama nilivyokuita siku zote pale bandarini. Mimi Myao, wewe Mngoni, watani tangu babu zetu walipoacha kupigana, na sijasikia popote kwamba mtani akifa utani unakwisha. Kwa hiyo vumilia.

Nimerudi juzi kutoka kwenu. Nilikwenda na gari lako, nimerudi na gari lako, na kwenye kiti cha pembeni nimekuja na mama yako. Sasa hivi yupo uani na mke wangu, wanachambua kisamvu na kubishana namna ya kukipika. Nitakueleza yote kwa utaratibu, kwa sababu kuna jambo nililifanya ambalo ungekuwapo ungenigombeza, na mtu wa kunigombeza ndiye huyo ninayemwandikia.

Januari ile, ulipokata roho hospitali baada ya homa ya siku sita, tulikuwa watatu nje ya wodi: mimi na wale watu wawili wa Songea wa pale ghalani kwako. Tukaenda posta pamoja kupeleka simu ya maandishi kwenu. Karani akaniuliza niandike nini. Unajua desturi, kwetu na kwenu ni ileile. Mama hapelekewi kifo kwenye karatasi. Anapelekewa ugonjwa kwanza, moyo ujiandae, halafu mtu anakwenda kumwambia kwa mdomo. Nikaandika: OTMARI MGONJWA SANA. Wenzangu wakasema sawa, umeandika vizuri. Kesho yake tukakuzika.

Nilipanga kuondoka wiki ileile. Mvua ikakataa. Mto Muhuwesi ulifurika, malori ya Tunduru yakalala Masasi, na kila niliyemuuliza alinijibu kwamba barabara ya Songea imekwisha mpaka kiangazi. Nikabaki Mtwara na msiba wako mdomoni.

Februari ikaja simu kutoka kwa mama yako: ANAENDELEAJE. Nilisimama pale posta na kalamu yao iliyofungwa kamba mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Nikaandika: HALI ILE ILE. Sikusema uongo, Otmari. Ila nilipotoka nje ilibidi nikae kwenye ngazi. Machi akauliza tena. Nikajibu: TUTAKUJA BARABARA IKIFUNGUKA. Tutakuja, mimi na nani? Mpaka leo sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilijua tu kwamba simu ya kwanza imeniingiza mahali, na kila nikiandika nyingine nazidi kuzama.

Mkoloni, gari lako, alikaa chini ya turubali nyumbani kwako miezi yote hiyo. Watu bado wananiuliza gari gani hili la kabla ya vita, milango inafungukia nyuma, sakafu ya mbao. Nami nawasimulia kwamba ni gari la Mzungu mmoja wa mradi wa karanga, alilitelekeza Nachingwea mradi ulipokufa, na wewe ukalitoa kichakani na kuku akiwa ametamia juu ya injini. Nawaambia ulisubiri mayai yaanguliwe ndipo ukalivuta. Hawaamini. Mimi nilikuwepo, na kuku mwenyewe tulimla.

Mwanzoni mwa Juni nikaomba likizo. Nilibadilisha maji, nikasafisha plagi, nikaziba tyubu mbili, nikapiga hendeli mpaka kiganja kikachunika. Alipowaka alitoa ule mlio wake wa ekzosi iliyopasuka na majirani wote wakatoka nje. Jirani yako mmoja alishika kifua. Alidhani ni wewe. Hapo ningepaswa kujifunza kitu, lakini sikujifunza. Nilikuwa nashughulikia breki.

Nyuma nilipakia madebe mawili ya petroli, debe la maji, tairi la akiba, na sanduku lako la nguo. Nilipita Mikindani bila kusimama, kwa sababu nikisimama pale watu wangeniuliza yuko wapi mwenzako wa Jumapili. Mingoyo nikakata kushoto. Kilima cha kwanza tu Mkoloni akachemka. Nikafanya ulivyonifundisha, nikamgeuza uso kwenye upepo, nikafungua boneti, nikasubiri bila kumtukana. Wewe ulikuwa unasema gari la zamani likitukanwa linanuna. Nilikuwa nakucheka. Safari hii sikumtukana hata mara moja kwa maili zote mia nne na zaidi.

Masasi walinisimamisha mgambo. Siku hizi kwa ajili ya vita vya ng'ambo ya Ruvuma hawaachi gari lipite bila kuulizwa, sembuse gari la sura ile. Kijana wa bunduki alilizunguka, akauliza ni la nani. Nikasema ni la marehemu. Akanipa pole na kuinua kizuizi. Tunduru fundi aliyeniungia springi kwa kamba ya ngozi naye aliuliza, nikajibu hivyohivyo. Namtumbo pia. Neno lile lilinitoka bila shida mara tatu nzima, nikajiona niko tayari. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi kwa sauti, peke yangu, mikono kwenye usukani: Mama, Otmari ametangulia. Mama, Otmari hatunaye.

Siku ya nne, alasiri, nikaacha barabara kubwa baada ya misheni na kuanza kupanda ule mlima wa kwenu kwa gia ya kwanza. Unajua Mkoloni anavyolia kwenye gia ya kwanza. Na kwenu wanamjua, maana ulikwenda naye mara moja na walimwongelea mwaka mzima. Kabla sijafika juu nilisikia vigelegele.

Walitoka wote. Mama yako alikuwa mbele, amejifunga upya kitenge, anapangusa mikono. Nilizima gari. Hakunitazama, Otmari. Alipita mlango wangu akaenda moja kwa moja kufungua mlango wa nyuma, kwa sababu mgonjwa hulazwa nyuma. Akakuta madebe, tairi na sanduku lako. Aliinama akatazama mpaka chini ya kiti.

Akaniuliza, "Umemwacha wapi?"

Nikasema, Mtwara.

"Nani anamwangalia?"

Jibu lilikuja haraka ulimini, tena jibu zuri, kwamba yupo mke wangu. Nakuungamia. Lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Nikalimeza, nikasema, "Mama, Otmari amekufa. Amekufa Januari. Nimemzika mimi."

Akacheka. Akanipiga bega, akasema, "Wewe Myao, utani una mahali pake." Na nilistahili, kwa maana safari ile tuliyokwenda wote nilikurupuka garini kabla yako nikijipiga kifua na kulia kwamba mwanaye amefia Namtumbo, nipewe jogoo wa msiba. Alinikimbiza kwa mwiko huku wewe umejificha chini ya dashibodi, unacheka mpaka machozi. Basi nilisimama pale na sikuwa na uso mwingine wa kumwonyesha. Nilikuwa nao uleule wa jogoo. Nilirudia mara ya pili, na ya tatu. Ya tatu sikumaliza, nikalia, na hapo ndipo akaacha kucheka.

Aliniuliza kitu kimoja tu. Januari ipi? Hii? Akaanza kuhesabu kwa vidole, Februari, Machi, Aprili, Mei. Akasema kila Jumapili amesimama kanisani kuombea upone. Kila Jumapili padri amelitaja jina lako kati ya wagonjwa. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akaingia ndani. Wanawake wakaanza kulia uani.

Msiba ulikaliwa siku tatu. Kaka yako alinihurumia, akasema hata yeye angeandika mgonjwa, na wazee wote wakasema ndivyo inavyofanywa. Mama yako hakusema hivyo. Alikuwa ananiletea ugali kwa mkono wake mwenyewe na kuuweka mbele yangu bila neno. Afadhali angenitemea mate. Watu walisubiri nifanye kazi ya mtani, nichekeshe matanga, nijilaze kwenye kitanda chako nidai urithi. Sikuweza. Wewe ungeweza. Kwenye msiba wa baba yangu ulivaa kanzu yake, ukaomba futari saa nne asubuhi.

Asubuhi ya nne nilikwenda kuwasha gari nirudi, nikiwa nimekwisha mwambia kaka yako kwamba Mkoloni ni wenu, mimi nitapanda lori la misheni. Nikamkuta mama yako ameketi kiti cha mbele, kifurushi mapajani, ameshika mlango kwa mikono miwili. Kaka yako akamsihi, umri wake, barabara, vumbi. Akasema, "Sitaki kuambiwa tena. Nataka kuona." Akanigeukia, "Na wewe washa."

Kwa hiyo nikapiga hendeli.

Siku ya kwanza hakuzungumza. Siku ya pili tairi la nyuma lilipasuka porini kabla ya Tunduru, na wakati nahangaika na jeki alishuka, akatafuta mawe, akayasukuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Aliniambia hivyo ndivyo ulivyomfundisha. Nikamuuliza lini. Akasema safari ile, mimi nikiwa bado nimelala, ulimzungusha mpaka misheni na kurudi, pancha mbili. Hukunisimulia hilo. Basi tukaanza kuongea, kwanza habari za tairi, halafu habari zako. Ameniambia ulikuwa unaogopa mbuzi mpaka umri wa miaka kumi. Ningelijua hilo ukiwa hai, ungeishi kwa taabu.

Tunduru tulilala kwa mjomba wangu. Wanawake wa Kiyao walipojua kwamba ni Mngoni wakamnyima maji ya kunawa mpaka aombe radhi kwa kuku walioibwa na babu zake. Niliingia kati niwanyamazishe, kwamba huyu ana msiba. Akanizuia. Akawajibu kwamba kuku wa Wayao walikuwa wembamba kiasi kwamba babu zake waliwarudisha. Walicheka wote, naye akacheka, halafu palepale kicheko kikageuka. Alilia karibu saa nzima, Otmari, katikati ya watani, wamemshika. Mimi nilikwenda kukaa garini.

Tulifika Mtwara siku ya tano, jua bado liko juu. Nilimwonyesha bahari kule Mikindani, akaitazama kidogo, akauliza makaburini ni mbali? Tukaenda moja kwa moja na vumbi letu. Msalaba wa mbao umeinama kidogo upande wa kulia, nitaunyosha. Aliuliza kichwa kiko upande gani, nikamwonyesha. Aliuliza ulivaa nini. Nikamwambia shati jeupe na suti ya sikukuu, ila viatu sikukuvisha, kwa sababu vile vyeusi vilikuwa vinakubana na ulivilalamikia kila Krismasi. Akasema vizuri. Akapiga magoti, akang'oa majani yote, hata machipukizi madogo kabisa, akayakusanya kwenye kitenge. Niliondoka nikamwacha na wewe. Mliyoongea ni yenu.

Aliporudi garini alikaa, akafunga mlango. Nilikuwa nimekwisha jiandaa kuomba radhi, kwa maneno niliyoyatunga kutoka Songea mpaka Mtwara. Hakunipa nafasi. Akasema, "Issa, mimi ni mzee. Nikifa, kwa desturi simu ingekuja kwa Otmari. Sasa itakuja kwako. Nimekwisha mwambia kaka yake kabla hatujaondoka, ataandika nimekufa. Hataandika mgonjwa."

Nilimwitikia naam, Mama. Gari lilinichukua muda kuliwasha.

Keshokutwa namrudisha. Mkoloni amekataa kubaki Songea, au tuseme mama yako amekataa kwa niaba yake. Anasema gari likikaa kwao wataligeuza banda la kuku, na mimi nimwogope Mungu, nilitunze. Nimebadilisha maji, nimepaka grisi springi, nimeomba tairi moja kuukuu kwa yule fundi wa gereji karibu na soko.

Lala salama, mateka wangu. Wewe ulikuwa rafiki yangu kuliko ndugu, na hili sikukwambia hata siku moja, kwa sababu ungelitumia vibaya. Ninakuahidi hivi: siku simu ya kaka yako itakapoingia pale posta, iwe kiangazi, iwe masika, nitaondoka siku hiyohiyo. Gari likikwama nitaliacha, nitakwenda kwa miguu. Nitafika kumzika mama yetu.

Wako,
Issa