Waya wa Bafuni

Anitha uko wapi? Sijala tangu mchana kwa hasira.

Unamjua Mzee Bartolomayo wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, yule aliyepangisha wanachuo. Leo nilienda kumfungia kamera za ulinzi. Nikavuta waya wa mtandao na wa umeme darini, vumbi mpaka kwenye meno. Getini tayari, uani tayari.

Akaniambia, "Binti, bado mmoja. Shusha pale."

Pale kwenyewe ni bafuni. BAFUNI Anitha! Wanapooga wale wasichana!

Nikadhani sijamwelewa. "Baba, hapa si bafuni?" Akajibu bila hata kupepesa macho: "Maji ya Dodoma ni ya shida. Nataka nijue nani anayamaliza."

Eti maji!! Maji yanasomwa kwenye mita, si kwenye mwili wa mtoto wa mtu!

Bado niko kwenye ngazi, akaja Emilia, mpangaji wake, ana ndoo na taulo begani. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Mwanangu! Kwa sauti ileile anayosomea neno kanisani.

Nikashuka. Nikang'oa waya wote, mpaka wa getini. Kisha nikagonga mlango mmoja mmoja, nikawaambia wasichana wote alichotaka nifanye. Yeye kasimama palepale uani, anasikia.

Sasa hivi kanitumia meseji: "Umenivunjia heshima."

Heshima!! Anitha, hata mimi nilimpa shikamoo asubuhi. Naitaka irudi.