Alama Nyekundu Stoo

Jumatatu, 4 Machi

Tumeanza kupiga filamu, tena nyumbani kwetu! Mama yuko kwa dada yake mpaka kesho, kwa hiyo ruhusa nimetoa mimi. Ni vichekesho: mwenye nyumba kapotea, kila mtu anasema kasafiri, wapelelezi wawili wapumbavu wanachimba sakafu ya stoo — wanaambulia meno yake ya bandia. Mwenyewe yuko darini anakula karanga. Nilicheka mpaka machozi.

Kazi yangu: kitu kilichokuwa kushoto jana, leo kiwe kushoto. Napiga picha kila kitu. Tukibishana, picha ndiyo inaamua.

Fundi na wenzake walihamisha kabati la stoo, jasho likawatoka. Chini yake kuna kiraka cha saruji, kirefu kama mlango. Dairekta akapiga makofi, tutachimba hapahapa! Fundi akabandika alama ya utepe mwekundu. Nikapiga picha. Kisha wakapaka sakafu nzima rangi ya kijivu, kiraka kikapotea, alama ikarudishwa palepale.

Ajabu, kile kiraka sikuwahi kukiona. Kabati lile halijasogezwa tangu nina miaka sita. Hata tulipopaka rangi nyumba, Mama alisema tupake pembeni yake tu.

Jumanne, 5 Machi

Mama karudi. Alipoliona kabati sebuleni alishika ukuta. Nikasema ni mimi Mama, ni ya filamu. Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Aliuliza tu kama watachimba kweli. Nikamwambia ndiyo, Ijumaa, kidogo tu, kisha wanaziba.

Mchana Kibonge, yule mpelelezi mnene, akaanza utani wake: "Mama mkwe, mzee yuko wapi tumhoji?"

"Alisafiri," Mama akajibu.

Seti nzima ikaangua kicheko. Si ndiyo maneno ya filamu! Nami nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Baba alisafiri nikiwa na miaka sita.

Jumatano, 6 Machi

Alama imehama! Nimelinganisha na picha: hatua mbili nzima, iko karibu na dirisha. Fundi anaapa hajaigusa. Labda paka.

Hatuna paka.

Nimeirudisha. Utepe ukakunjamana.

Alhamisi, 7 Machi

Imehama tena, dirishani vilevile. Funguo za stoo ni mbili, moja ya fundi, moja ya Mama.

Leo sikuirudisha. Naogopa. Sijui naogopa nini — mwongo mkubwa mimi, najua. Nakumbuka Mama akinikataza kuingia stoo mpaka pakauke. Nakumbuka shangazi, dada yake Baba, akija kuuliza, mara tatu, kisha basi. Nakumbuka pia kwamba tukisikia viatu vya Baba mlangoni tulinyamaza wote, na aliposafiri Mama alianza kuimba jikoni. Nilipenda sana zile nyimbo. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 8 Machi, mchana

Naandika bafuni, nimekaa juu ya ndoo. Mlango nimeufunga.

Asubuhi Mama aliingia stoo na kiti na sinia la maharage. Akaketi katikati, palepale kilipo kiraka, akaanza kuchambua. Dairekta akafurahi kama mtoto, abaki, abaki, anachekesha huyu mama! Fundi akainua nyundo pale dirishani.

Dairekta akasema simama. Mwanga mbaya, kamera haienei. Jumatatu si walipima kwingine? Fundi akasema hata yeye anaona hivyo. Kibonge akasema hapana. Wakabishana weee, kisha wote wakanigeukia. Mwenye picha! Toa picha!

Mama hakuinua macho. Maharage mabovu na mazima alikuwa anayatia pamoja.

Nikasema simu imezima, naenda kuichaji. Simu ina asilimia themanini. Picha iko mbele yangu: kiraka, alama, vyote. Kidole kiko juu ya "Futa". Nikifuta, sitajua maisha yangu yote. Nisipofuta — jamani, nitamwambia nani?

Wanagonga. Dairekta anasema jua linakimbia. Sasa viatu vyake vinaondoka, vinakuja vingine, ndara. Namsikia anavyopumua.

"Mwanangu, fanya unavyoona."

Kisha, taratibu, palepale nje ya mlango, ameanza kuimba.