Gauni la Claudine Limetoka Msumarini

Baba,

Naanza na habari utakayoipenda: Claudine amemaliza chuo. Claudine yule yule anayelea watoto wa matajiri wa Johannesburg, huko Sandton, siku za kazi, na mwisho wa juma alikuwa akija kwenye cherehani yako mtaani kwetu La Rochelle kukusaidia kushona vifungo vya nguo za wateja, mpaka ukamsumbua akajiandikisha darasa la Jumamosi, la ualimu wa watoto wadogo. Shusha pumzi, Baba. Mimi nimeishusha jana tu.

Ulituacha duniani mwaka ule wanafunzi walipoandamana kuhusu ada, na hukuwahi kuelewa vizuri kazi yangu pale chuoni. Ngoja nijaribu tena. Wizara imevipa vyuo vyote vya umma malengo. Zamani chuo kilijisifu kwa wingi wa wanaoingia. Sasa kinaulizwa wangapi wametoka na shahada, na wasiotoka wameishia wapi. Mimi ndiye ninayeandaa majibu. Siku nilipokueleza ulicheka, ukasema, "Sasa ndiyo wameanza kupata akili. Kukata kitambaa si kushona suti."

Basi mwaka jana darasa la Jumamosi halikufikia lengo. Orodha ilionyesha watu wengi walianza wakapotea. Mkuu wangu, mtu mpole asiyependa makelele, akasema waliopotea tuwaweke wote kwenye kile kisanduku cha ripoti cha "sababu nyingine", darasa lifungwe, yaishe. Claudine alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Baba, niliogopa. Nilijua likifungwa hana pengine pa kusoma, kwa maana siku nyingine zote si zake.

Nikakumbuka karatasi zako. Kila nguo ambayo haijaisha uliitundika msumarini na karatasi imebanwa kwa pini: jina la mwenyewe, na kilichobaki. "Bado mkono wa kushoto." "Anasubiri tumbo lipungue." Sisi watoto tulikuwa tunazisoma tukicheka, nawe unatufukuza na futi yako ya kupimia. Kwako hapakuwa na "nguo nyingine". Nikamwambia mkuu kisanduku sikitaki. Anipe wiki mbili nimpigie simu kila aliyepotea. Aliguna, akasema, "Sharp, sawa, lakini wiki mbili tu."

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Claudine! Eti amepotea tangu mwaka wa kwanza. Nilipompigia alinijia juu: "Eish, dada, nilipotea wapi? Kila Jumamosi niko mu klase, mwalimu mwenyewe ananijua!"

Nilicheka mpaka machozi, kwa sababu kosa hilo nalijua. Ni letu. Sisi Wakongo twaanza na jina la ukoo, na la ubatizo linakuja mkiani. Fomu za hapa zinataka kinyume. Si wewe uliyeniandikisha shule hivyo, nikaitwa Miss Neema miaka saba, kana kwamba Neema ni jina la ukoo? Claudine naye mwaka wa kwanza aliandika kikwetu, mwaka wa pili akaandika wanavyotaka wao, na katikati hapo kibali chake cha ukimbizi kilibadilishwa namba. Kompyuta ikaona watu wawili, mmoja amepotea, mwingine amezuka. Na hakuwa peke yake, maana darasa lile limejaa watu wetu wa La Rochelle na Troyeville. Nikaunganisha rekodi zao, mtu mmoja mmoja. Wachache walikuwa wameacha kweli, na hao pia niliwaandika: huyu amejifungua, huyu amehamia Durban. Waliobaki wanachelewa tu kwa ajili ya kazi. Kawia ufike.

Lengo bado hatujalifikia, sitakudanganya. Ila tumelikaribia, na tumeahidi kwa maandishi lini tutafika, hivyo darasa limeachwa. Mkuu siku hizi anasema wazo lilikuwa lake. Namwachia.

Sasa gauni. Ulipofariki lilibaki moja msumarini, la kitenge, na karatasi yako: "Claudine. Mahafali. Bado upindo." Ulilikata hata kabla hajafanya mtihani wa kwanza, wewe mzee! Na ukaacha nafasi mbavuni, ukijua miaka hubadili mwili. Mama alitaka kuligawa, nikakataa. Wiki iliyopita nimelishusha, nikashona upindo mwenyewe. Umekwenda upande, Baba, ungeufumua mbele ya macho yangu. Jana Claudine amelivaa hivyo hivyo chini ya joho, na jina lake lilipoitwa, kinyume kama wanavyolitaka hapa, nikapiga vigelegele peke yangu ukumbi mzima. Nimekukosa sana saa ile.

Lala salama, Baba. Nakuahidi, maadamu nimekalia kiti kile, hakuna mtu atakayetupwa kwenye kisanduku kisicho na jina. Msumari wako uko mtupu. Karatasi nimebaki nayo mimi, na chini ya mwandiko wako nimeongeza wangu: "Limekwisha. Mwenyewe amelichukua."

Binti yako,
Neema