Fundo Jekundu kwenye Feni

Jumapili, 2 Machi

Limechemka tena! Hatukufika hata darajani. Boneti juu, mvuke unafuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Baba kasimama pembeni na kitambaa mkononi. Magari yanapunguza mwendo, watu wanachungulia. Gari la spoti la bluu, milango miwili, viti viwili, limenizidi umri mimi – nani asichungulie!

Tumerudi tukivutwa kwa kamba. Mama mlangoni: mke mwenza ana homa tena? Hilo jina amelipa gari tangu kabla sijazaliwa, na Baba hucheka kila mara. Leo kapita moja kwa moja hadi ndani.

Jioni Baba Mdogo akapiga simu. Sauti yake imepungua mno. Hospitali wamemrudisha nyumbani, na kwa nini wamemrudisha sote tunajua, ila hakuna anayelitamka. Kamwambia Baba aende na gari lao, asiende na basi. Anataka kulisikia likiingia uani. Wao wawili ndio waliolinunua likiwa limeungua nusu, enzi za ujana wao – "hawana akili wala mke," kama asemavyo Mama – wakalifufua kwa mikono yao. Ndiyo maana Baba habari ya basi haitaki hata kuisikia.

Lakini kwa Baba Mdogo ni juu mlimani. Kupanda karibu njia nzima. Gari lisilofika darajani litafikaje huko?

Jumatatu, 3 Machi

Wateja wote nimewaambia wasubiri. Karakana ni yangu tangu Baba astaafu, lakini gari hili bado ni lake. Haligusi mtu ila yeye, au mimi kwa ruhusa, naye akiwa juu ya kichwa changu.

Tumeanza na vilivyo rahisi. Mfuniko wa rejeta: mzima. Mipira ya maji: haivuji. Thamostati, ule mlango wa maji ya injini, nimeitoa nikaichemsha kwenye sufuria kuona kama itafunguka. Ikafunguka vizuri kabisa. (Mama: hiyo si sufuria yangu ya chai?!) Nikairudisha. Baba kwenye stuli, anaelekeza kwa kidole. Taratibu, Shoto. Taratibu. Shoto ni mimi, kwa kuwa natumia mkono wa kushoto. Nilipokuwa mdogo alijaribu kunibadilisha, akashindwa, akaamua kunipa jina.

Kila kiungo alichokifunga yeye mwenyewe kina uzi mwekundu, fundo moja, ncha imekatwa kwa meno. Uzi wa cherehani ya Mama. Ndiyo kazi yake ya tangu ujana: chenye uzi ni changu, kikiharibika nilaumuni mimi, kisicho na uzi, mtafuteni mwenyewe. Nimekua nikiziona nyuzi hizo kwenye magari ya watu. Sijawahi kusikia hata moja ikilaumiwa.

Baba anasema ni gasketi ya kichwa cha injini. Kisha anasema, au ni ile feni aliyoichezea yule.

"Yule" ni Fundi Waya, fundi umeme wa mtaa wa nyuma. Rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mota ya feni ilipochoka, Fundi Waya aliichukua, akaitengeneza, akairudisha. Baba akaifunga mwenyewe. Tangu hapo gari linachemka! Basi Baba akamsimamisha pale karakana, mbele ya wateja: umeniharibia gari, kazi imekushinda, nenda kapumzike. Fundi Waya akavaa kofia yake akaondoka. Hajakanyaga tena.

Ila feni inazunguka. Nimeiona kwa macho yangu, inazunguka vizuri tu.

Jumatano, 5 Machi

Jana kutwa kusafisha rejeta. Maji yalitoka ya kahawia, kisha safi. Pampu ya maji nzima. Nimetazama kama kuna mapovu kwenye rejeta injini ikinguruma – hakuna. Gasketi ikiwa imekufa mapovu huwa hayakosi. Nimemwambia Baba. Kanijibu kwamba gasketi ni kama mwizi, haiji ikipiga ngoma.

Leo tumelijaribu. Mimi naendesha, yeye pembeni. Siku hizi anasema goti linamuuma. Si goti. Kabla ya kutoka getini kawasha feni, kama kawaida yake. Aliifungia swichi yake chini ya dashibodi, na haondoki bila kuibonyeza. Mjini foleni tupu. Tukasimama kwenye reli kungoja treni, jua kali, injini inanguruma. Nikawa nautazama mshale wa joto kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Haukusogea! Uko chini ya nusu, umetulia.

Tukatoka barabara kubwa. Nikakanyaga mafuta. Mshale ukaanza kupanda. Nusu. Robo tatu. Nikasimama kando bila kuzima injini – ukashuka wenyewe.

Hii haijakaa sawa. Magari mengine huchemka kwenye foleni, yakikimbia upepo unayapoza. Hili linaugua likikimbia, linapona likisimama. Nimemweleza Baba, kasema Jumamosi anafungua injini. Mwenyewe. Nikaitazama mikono yake juu ya magoti. Injini ikifunguliwa si ya wiki hii, wala ijayo.

Mama Mdogo kapiga simu kuhusu mumewe, Baba Mdogo. Chakula sasa kinamshinda. Ila kila akisikia gari barabarani anauliza: ni wao?

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata.

Asubuhi, Baba yuko ndani na chai yake. Nimewasha gari, nimewasha feni, nimesimama mbele nikifuta taa. Nikasikia joto kwenye magoti. Upepo wa moto, unalipeperusha gauni langu.

Upepo wa moto MBELE ya gari! Feni kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele, iipitishe kwenye rejeta, iende nyuma. Mbele hapatakiwi upepo. Nikachukua ukurasa wa gazeti nikauweka kwenye wavu wa mbele. Ulitakiwa unaswe ukae hapo. Ukatupwa chini. Nikauokota, nikauweka tena. Ukatupwa tena.

Inazunguka kinyume. Gari likikimbia, upepo wa barabara unaingia na feni inausukuma urudi ulikotoka – watu wawili kwenye mlango mwembamba, hakuna anayempisha mwenzake. Likisimama, angalau hewa ya feni inapita, hata kama kwa upande usio wake, na inatosha.

Mota ya namna hii hugeuka kwa sababu moja: waya zimebadilishana. Nikainama na tochi. Ya bluu iko kwenye nyeusi, nyeusi iko kwenye ya bluu. Kwenye waya moja kuna utepe mweupe wa Fundi Waya, alama yake ya kuonyesha upande. Na juu ya viungo vyote viwili, uzi mwekundu. Fundo moja. Ncha imekatwa kwa meno.

Nimekaa chini sakafuni. Nimelia, na si kwa ajili ya feni. Mtu aliyekuwa akitambua ugonjwa wa injini akiwa chumbani, dirisha limefungwa! Sasa bluu na nyeusi kwake ni kitu kimoja, na ukimtajia daktari wa macho anakuuliza kama umechoka kumwona nyumbani.

Mama akanikuta pale pale. Nikamwonyesha. Akaanza, nyani haoni... akaishia hapo.  Akakaa kwenye stuli ya Baba. Akasema nisimwambie. Si kabla ya safari. Akijua mkono wake umemwangusha, tena baada ya yale aliyomfanyia mwenzake mbele za watu, atajifungia chumbani na hatatoka. Na mdogo wake atakufa akisikiliza barabara.

Najua anasema kweli. Namjua yule mzee. Lakini Fundi Waya je?

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Waya. Nimemkuta kibarazani anachomelea redio ya mtu. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Nikamwambia nimeona waya. Nikamwambia nimeona uzi.

Akazima chombo chake. "Nilijua, mwanangu. Siku ile ile."

Alijua! Wakati Baba anamfokea alikuwa amesimama mbele ya gari, injini inanguruma. Kausikia upepo miguuni. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini pale, na watu wamejaa? Kwamba mzee haoni? Mimi wakinicheka, nitarudi kwenye redio zangu. Yeye angerudi kwenye nini?" Kisha akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini koleo lisivunjwe hadharani."

Nikaomba anisamehe kwa niaba ya baba yangu. Akasema yangu ananisamehe bure kwa kuwa sikumkosea. Ya mzee, aje mwenyewe. Nikashindwa kumwangalia.

Mchana Baba kalala. Nimekata nyuzi zake mbili, nimebadilisha waya, nimefunga uzi mpya. Ilibidi. Siku hizi anakagua kwa vidole, na asipougusa uzi atauliza. Nilikuwa natazama mlango kila mara, utadhani naiba.

Gazeti likanasa kwenye wavu likakaa.

Saa kumi tukatoka. Barabara kubwa, nikakanyaga mafuta hadi daraja likabaki nyuma. Mshale nusu! Haukutikisika. Baba akapiga dashibodi kwa kiganja, akacheka hadi machozi. Si nilikuambia, Shoto? Hewa ilinasa kwenye rejeta, ulipoisafisha ikatoka. Nikasema ndiyo, Baba. Basi hapo angenyamaza! Lakini akaongeza: bora nilimfukuza yule, angelimaliza kabisa.

 Nimekasirika naye, sijawahi kukasirika naye namna hii. Kufika nyumbani sikumfungulia mlango. Alipapasa mwenyewe akitafuta kitasa, na hapo hasira ikanitoka, nikabaki na uchungu tu.

Jumamosi, 8 Machi

Maji ya akiba, spana, blanketi la Baba. Mama atafuata na basi – mke mwenza hapakati mtu, anasema. Kamnyoa Baba ndevu. Kampigia pasi shati jeupe.

Mama Mdogo asubuhi: mwambieni awahi. 

Baba kaingia karakana peke yake jioni. Kakaa humo. Nilipochungulia alikuwa kainama chini ya boneti, mkono mmoja ndani, hatazami anachokigusa. Nikaondoka kimya kimya.

Jumapili, 9 Machi

Naandika garini, daftari gotini. Tumesimama.

Hakuna kilichoharibika. Tumeondoka asubuhi na mapema, tumevuka daraja, tumeanza kupanda. Malori tunayapita kama yamesimama. Gari linaimba! Nikampigia Mama Mdogo tulipofika njia panda, nikamwambia tuko njiani, mwambie tuko njiani. Nikasikia akimwambia. Nikasikia sauti ya Baba Mdogo ikisema kitu, sikushika ni nini.

Baba tangu nyumbani anasugua vidole, kama anayefunga uzi.  Tulipofika hapa, pana uwanja mdogo wa kupumzikia malori, akasema, "Simama."

Nikamwambia mshale uko nusu, Baba, gari halina tatizo.

"Najua. Simama, zima."

Kashuka. Kafungua boneti mwenyewe, kaingiza mkono pale kwenye feni. Vidole vyake vikakaa pale pale.

"Shoto."

"Naam, Baba."

"Hili fundo limelala kushoto."

Nikashuka, nikaenda kusimama kando yake. 

"Jana nililigusa nikasema labda mikono imezeeka. Sikulala. Langu umelipeleka wapi?"

Nikamwambia nimelikata.

"Lilikuwa limefunga nini?"

Nikamwambia. Bluu kwenye nyeusi. Nyeusi kwenye bluu. Nilisema polepole, naye akawa anatikisa kichwa kwa kila neno. Akauliza kama yule alijua. Nikasema alijua siku ile ile, alipokuwa anafokewa. Baba akachukua kitambaa akawa anafuta mikono. Haikuwa na uchafu. Akafuta, akafuta. Nikaogopa atasema turudi. Nikaanza kusema, Baba, twende tu, Baba Mdogo anangoja...

"Nipigie namba yake," akasema. "Ya Fundi Waya. Siwezi kumwendea mdogo wangu na mzigo huu, nikakae kitandani kwake kama mtu mwema."

Nimempa simu yangu. Kaenda nayo hadi kwenye ukingo, kanipa mgongo. Lile shati jeupe lina doa la mafuta kwenye mkono. Nimesikia, "Ni mimi."  Kisha, "La, gari zima. Ni macho yangu, ndugu yangu, macho yangu ndiyo..." na upepo ukachukua yaliyobaki. Anaongea bado. Bega moja linatikisika. Sijui analia au anacheka. Kwa hao wawili yote yanawezekana.

Sasa kamaliza, kaitoa simu sikioni. Kuna mwingine anapiga, naisikia hadi hapa. Kaiweka mbali na uso, kaisogeza karibu, kaipeleka mbali tena. Kwa namba hii, asubuhi hii, anayepiga ni mmoja tu: Mama Mdogo.

"Shoto! Njoo unisomee jina."

Hajawahi kuniomba nimsomee kitu. Anakuja huku, simu kainyoosha mbele yake, inaita bado. Naweka kalamu.