Kikao cha Kuamua Santuri ya Bibi Tabea Mgaya

CHAMA CHA WAIMBAJI NJOMBE NA MAKAMBAKO

Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Julai 1956, katika hoteli ya chai ya Bwana Agustino Nyagawa, njia panda, Makambako.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Enoki Mwalongo – Mwenyekiti (aliingia wakati wa sala)
2. Bwana Agustino Nyagawa – Mtunza Hazina, mwenye hoteli na mwenye gramafoni
3. Bibi Oktavia Mlowe – Kiongozi wa Waitikiaji
4. Bibi Tabea Mgaya – Mwimbaji na Mtunzi
5. Bwana Lukas Luvanda – Mjumbe mpya
6. Bibi Hulda Mtewele – Katibu

WASIOHUDHURIA
1. Bwana Efraimu Mligo – kwa taarifa. Anavuna viazi Igwachanya.
2. Bwana Yosefu Kiswaga – bila taarifa. Wajumbe walimwona dirishani akipita na gunia begani. Walimpungia mkono, naye akapunga, akaenda zake. (Tazama Kumb. Na. 17/56.)

KUMB. NA. 12/56: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kiliitwa saa nne asubuhi. Ilipofika saa tano, barafu ya usiku imekwisha kuyeyuka majanini na Mwenyekiti hajaonekana, Bwana Lukas aliombwa afungue kwa sala. Sala ilikuwa katikati Mwenyekiti alipoingia. Wajumbe wote walifumbua macho na kusimama, akina mama wakapiga goti, akasalimiwa "Kamwene" kama ilivyo desturi yetu. Naye alijibu "Kamwene" kwa kila mmoja peke yake, akauliza habari za watoto, za ng'ombe na za mahindi. Sala ilianza upya.

Mwenyekiti alieleza kwamba lori alilopanda kutoka Njombe lilisimama njiani kupakia mbao. Bwana Agustino alisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwenyekiti alisema haraka haraka haina baraka, na kwamba chai iletwe. Chai ililetwa.

KUMB. NA. 13/56: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilisomwa. Mwenyekiti alipinga neno moja tu. Katika habari za mwaka 1952 Katibu ameandika "Mwenyekiti alichelewa". Mwenyekiti alitaka lifutwe na mahali pake paandikwe "alifika".

Bwana Lukas aliomba aelezwe, kwa kuwa mwaka huo alikuwa bado Tanga kwenye mkonge. Katibu alieleza kwamba mwaka 1952 gari la kunasa sauti lilikuja Njombe kutoka Nairobi kwa ajili ya Bibi Tabea, aliyekuwa ameanza kusikika mpaka Iringa kwa nyimbo zake za kulimia. Yeye na waitikiaji wake walikuwa katikati ya wimbo, mashine inazunguka, ndipo Mwenyekiti akafungua mlango. Waimbaji wote waliacha kuimba wakamsalimu, Bibi Tabea akiwa wa kwanza kupiga goti. Mwenyekiti aliwajibu mmoja mmoja. Fundi, kijana wa Nairobi asiyejua mambo yetu, alipunga mikono mpaka akachoka. Ng'ombe wa Mwenyekiti, mahindi ya Mwenyekiti na kikohozi cha Mwenyekiti vyote viliingia katika santuri. Wimbo ulibaki nje. Ile ilikuwa sahani ya mwisho ya kunasia sauti katika gari, na gari likaondoka.

Mwenyekiti aliuliza: "Sasa mlitaka nipite katikati ya watu kama mbuzi, bila kusalimia wala kusalimiwa?"

Wajumbe walikubali kwamba hilo lisingewezekana. Katibu alisema hakuna anayelalamikia salamu, linalolalamikiwa ni saa. Mwenyekiti aliagiza kwa mara ya pili neno hilo lifutwe. Katibu alisema atalifikiria. Kumbukumbu zilithibitishwa, isipokuwa neno hilo.

KUMB. NA. 14/56: TAARIFA YA SANTURI

Katibu aliendelea kwamba mwaka 1953 gari lilikuja tena, mvua zikachukua daraja na gari likageuza. Mwaka 1954 lilifika salama, waitikiaji wamejipanga na vitambaa vipya vya kichwa, na Bibi Tabea akasema haimbi, wimbo haujaiva. Bibi Oktavia aliomba iandikwe kwamba siku ile aliaibika mbele ya mama mkwe wake aliyekuja kutoka Mawengi kwa miguu kumwona akiimba. Imeandikwa.

Oktoba mwaka jana gari lilikuwa likielekea Mbeya, likavunjika springi hapa Makambako, likalala. Bibi Tabea alikuwa hapa akiuza viazi. Alikwenda kwa fundi, akaimba peke yake, bila waitikiaji na bila ruhusa ya Chama. Wimbo aliouimba si ule uliopitishwa na kamati hii.

Santuri moja ya mfano imeletwa Jumanne na dereva wa lori, imefungwa ndani ya blanketi. Dereva, ambaye anaondoka leo, alileta na neno la wenye santuri: walipatana na Chama, si na mwimbaji, hivyo Chama kikiridhika nyingine zitatengenezwa na kuuzwa. Chama kikikataa, sauti itatupwa. Gari halitapita tena njia hii.

Bibi Tabea aliulizwa kama ameelewa. Alijibu ameelewa.

KUMB. NA. 15/56: MALALAMIKO

Mwenyekiti alisema yeye hana chuki na mtu. Alisema hivyo mara kadhaa. Ila mtoto hazaliwi nyuma ya nyumba, wazazi wakasikia kwa majirani. Wimbo uliopitishwa ulikuwa na beti nyingi nzuri, na moja ilimtaja yeye.

Bibi Oktavia alisema wameitikia miaka minne, wakati wa masika na wakati wa baridi, watoto mgongoni, na leo santuri imetoka bila hata pumzi ya mmoja wao. "Nilimfundisha mimi kushika sauti," alisema, "halafu ananiacha njiani kama kapu lililotoboka!" Hapo alilia kidogo. Bibi Tabea pia alilia. Bwana Agustino aliongeza mkaa katika jiko.

Bwana Agustino, alipotakiwa kusema, alikiri kwamba Jumanne hiyohiyo aliijaribu santuri mara moja, mlango umefungwa, kwa nia njema ya kuangalia kama haikupasuka. Alisema ni nzima, lakini ina mashimo. Mwanamke anaimba kidogo, ananyamaza. Anaimba tena, ananyamaza tena. Alibadilisha sindano, mambo yakawa yaleyale. Aliona ni ubovu.

Mwenyekiti alisema basi yamekwisha, santuri mbovu haipitishwi. Bwana Lukas aliuliza kama haingefaa kuisikiliza kwanza. Mwenyekiti alisema mjumbe mpya asiwe na haraka. Kikao kiliendelea kwa muda mrefu kuijadili santuri ambayo wajumbe hawakuwa wameisikia, ingawa ilikuwa mezani, karibu na mandazi.

KUMB. NA. 16/56: MAELEZO YA BIBI TABEA

Bibi Tabea aliomba kusema akiwa amesimama. Alieleza kwamba zamani alipenda kuimba kama mtu anayekimbizwa. Akiona nafasi katika wimbo aliijaza. Watu walimsifu kwa pumzi ndefu, naye alidhani pumzi ndiyo wimbo.

Mwaka 1953 mumewe alichukuliwa na lori la wafanyakazi wa mkonge. Wajumbe wanajua kwamba katika ujima, watu wakilima pamoja, mmoja huanzisha wimbo na wenzake wakamjibu kutoka matuta mengine, "Tupo, tunakuja", na ndivyo mtu anavyojua kwamba hayuko peke yake shambani hata kama ukungu umeshuka. Yeye alikuwa akilima peke yake. Akianzisha, hakuna wa kumjibu. Mwanzo alijijibu mwenyewe, akaona ni uongo. Basi akaacha ile nafasi wazi, akainua jembe, akasubiri, ndipo akaendelea. Alisema akazoea kusikia ndani ya kimya kile sauti za wote aliowahi kulima nao. "Na yako, dada Oktavia, ndiyo iliyotangulia kila siku."

Gari lilipokuja mwaka 1954 alikuwa hajui bado jinsi ya kuuimba mbele ya watu bila kuonewa huruma, ndiyo maana alikataa. Kisha jioni moja ya mwaka jana alikuwa shambani, akaimba, akaacha nafasi, na mtu akajibu kutoka njiani, "Tupo, tunakuja." Alikuwa mumewe, na sanduku kichwani. Bibi Tabea alisema siku hiyo alilitupa jembe akakimbia, na kwamba siku hiyo wimbo uliiva.

Kuhusu salamu, alisema jambo la mwaka 1952 halikumtoka moyoni. Alilionea haya, baadaye akaliona zuri: watu wazima kuacha kazi iliyowaleta kwa sababu mtu ameingia mlangoni. Ndiyo maana wimbo huu unaanza na salamu.

"Mashimo hayo si ubovu," alimaliza. "Nimewaachia ninyi. Mkiyakataa, yatabaki mashimo kweli."

Aliketi. Mwenyekiti alitazama chai yake. Bibi Oktavia alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba gramafoni ipigwe, jamani, hata wafu wangekuwa wamekwisha kuisikia!

KUMB. NA. 17/56: KUSIKILIZA SANTURI

Bwana Agustino alizungusha mkono wa gramafoni, akaweka sindano. Maneno ya wimbo ni ya Kibena. Katibu ameyaandika hapa kwa Kiswahili kwa ajili ya faili.

Sauti ilianza. Si ile tuliyoizoea. Ilikuwa chini zaidi, ya mtu anayesema na wewe mkiwa wawili:

"Kamwene, wewe uliye kwenye tuta la ng'ambo."

Kisha ikanyamaza. Wajumbe waliangaliana. Kilisikika kikwaruzo cha sindano, na lori nje. Nafasi ilipita, sauti ikaanza mstari wa pili, na hapo, kikombe mkononi, Mwenyekiti akasema kwa sauti kubwa kabisa: "Kamwene."

Hakuna aliyecheka. Mtu amesalimiwa, atafanyaje?

"Jembe langu limefika kijitoni, lenu limefika wapi?"

Safari hii nafasi haikupita bure. Bibi Oktavia aliijibu, "Tupo, tunakuja", papo hapo, katikati kabisa ya kimya, kana kwamba amepimiwa. Mstari wa tatu alijibu pamoja na Bwana Lukas. Wa nne tulijibu wote, na madereva waliokuwa wakinywa chai meza ya nyuma, na mpishi kutoka jikoni. Bwana Yosefu Kiswaga, ambaye hakuhudhuria, aliingia na gunia lake akiitikia. Hakuna aliyeacha kuimba ili kumsalimu, wala yeye hakuona vibaya.

Katibu anakiri kwamba kwa sehemu hii hakuandika lolote wakati ule, kwa sababu alikuwa akiitikia. Yaliyoandikwa hapa yameandikwa baadaye, kwa furaha.

Sauti ya Bibi Tabea iliisha kabla ya sahani kuisha. Nafasi ya mwisho kabisa ni yetu. Tulijibu, kisha sindano ikabaki ikikwaruza. Bibi Tabea alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Bibi Oktavia alimwendea akamshika mabega, akamwambia, "Mjinga wewe, kumbe tumo!"

KUMB. NA. 18/56: UAMUZI

Ilipendekezwa na Bibi Oktavia, na kuungwa mkono na Bwana Lukas, kwamba Chama kimeridhika na dereva apelekewe neno hilo leo hii kabla lori halijaondoka. Wote waliafiki. Madereva wa meza ya nyuma nao waliinua mikono. Walielezwa kwamba si wajumbe. Hawakuishusha.

Bwana Agustino aliomba radhi kwa kuyaita mashimo hayo ubovu. Alisamehewa, akaleta mandazi mengine.

Mwenyekiti aliuliza kama katika upande wa pili wa santuri kuna ubeti unaomtaja. Bibi Tabea alisema upande wa pili ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Mwenyekiti alisema hata hivyo ni vizuri.

KUMB. NA. 19/56: MENGINEYO NA KUFUNGA

Bwana Yosefu alitaka kujua ajenda zilikuwa nini. Aliambiwa akae, aonje chai.

Mwenyekiti alimwita Bibi Tabea mbele yake. Alisema yeye ni mtu mzima na si mwepesi wa kusifu, lakini binti aliyemsikia mwaka 1952 na mama aliyemsikia leo si mtu mmoja, na anamshukuru Mungu kwamba yule wa kwanza hakunaswa. Bibi Tabea alipiga goti. Mwenyekiti alimwambia anyanyuke, leo atakayesalimia ni yeye Mwenyekiti.

Kisha aliomba santuri ipigwe tena tangu mwanzo kabla kikao hakijafungwa. Bwana Agustino aliuliza kwa nini isiwekwe upande wa pili, ambao haujasikika. Mwenyekiti alisema hapana, ule ule wa kwanza. Ile salamu ya mwanzo hakuijibu mahali pake. Alichelewa.

Katibu aliuliza kama neno hilo liandikwe.

Mwenyekiti alisema liandikwe, na la mwaka 1952 pia libaki.

Sindano iliwekwa. Mwenyekiti alitua kikombe mapema, akavua kofia, akasubiri. Aliposalimiwa, alijibu kwa wakati.

Wajumbe walitawanyika saa tisa alasiri, bado wakiitikiana barabarani.

E. Mwalongo                              H. Mtewele
Mwenyekiti                               Katibu