Maelezo Kuhusu Saa ya Mkononi ya Bibi Hamasaki

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi cha bandarini, Keelung, Taiwan

Jina: Su Yueh-chiao. Jinsia: mwanamke. Umri: miaka 67. Kazi: msusi, mwenye saluni. Makazi: ghorofani juu ya saluni hiyo, mtaa wa Jen-ai.

Nimeelezwa kwamba ninayo haki ya kukaa kimya. Nimechagua kusema, na sijashurutishwa na mtu.

Mnamo tarehe 14 Machi 2019, majira ya saa 5:40 asubuhi, nilikuwa saluni kwangu nikimfunga rola jirani yangu Huang A-hsiu, muuza mboga. Mvua ilikuwa ikinyesha. Aliingia mwanamke mzee asiye na mwavuli. Alizungumza Kijapani, nami ninakifahamu kwa kuwa nilifanya kazi Osaka miaka kumi na mmoja. Alisema jina lake ni Hamasaki Fumie, umri wake miaka 81, na kwamba ameshuka kutoka kwenye meli ya watalii iliyofunga gatini asubuhi hiyo. Mwanawe, Takuya, alibaki melini kwa sababu ya mvua.

"Mdogo wangu, nioshe nywele," alisema. "Saa tisa natakiwa niwe nimeshapanda. Niamshe saa nane."

Nilimjibu, "Mama, hata kukaa hujakaa, unaomba kuamshwa?"

"Nikikaa tu nitalala. Najijua."

Alivua saa yake ya mkononi, akaiweka kwenye bakuli la vibanio. Tulikunywa chai, sisi watatu, kutoka kwenye birika moja. Kisha nilimkalisha wima mbele ya kioo, nikamtia shampuu juu ya nywele kavu na maji kidogo kidogo kutoka kwenye chupa, kama tunavyoosha siku zote, hadi povu likasimama.

Nilipokuwa nikimsugua alieleza kwamba mumewe alifariki mwezi wa Oktoba, na tangu hapo hajawahi kulala zaidi ya saa moja. Nyumba yao imeuzwa. Safari hii ikiisha, mwanawe atampeleka kwenye makao ya wazee.

"Huko wanapita na tochi kila baada ya saa mbili," alisema. "Takuya ni mtoto mwema. Ameshapanga kila kitu."

Saa 6:15 alilala.

Kila nilipoondoa mikono kichwani mwake, kope zilicheza. Nilipoirudisha, zilitulia. Kwa hiyo niliendelea kumsugua polepole, nikiongeza maji ili povu lisikauke. Dirisha lilikuwa jeupe kwa mvua na kioo kilikuwa kimepata mvuke. Humo ndani tulionekana kama watu waliokaa chini ya maji, wasio na haja ya kupumua.

A-hsiu alisema, "Shoga, nywele zimeshatakata zamani. Sasa unamwosha ubongo."

Nilimwambia anyamaze.

"Mbona yeye humwambii? Anakoroma kuishinda meli yake."

Baadaye naye alinyamaza. Hakukumbuka hata kuniuliza habari ya rola zake.

Majira ya saa 7:30 mchana, nikitafuta kibanio kwa mkono mmoja, niliona kwamba ile saa ya mkononi inaonyesha saa 8:30. Saa yangu ya ukutani mimi huisahihisha kila asubuhi kwa redio. Nilidhani kwamba ya mgeni imeharibika, na kwamba akiamka atashtuka bure. Niliirudisha nyuma saa moja. Hakuniomba. Sikujua kwamba meli ile hufuata saa za Japani, zilizo mbele ya zetu kwa saa moja, hata ikiwa gatini kwetu.

Saa 8:00 nilimwamsha. Alitazama saa yake, akatazama ya ukutani, akatazama yake tena.

"Zinapatana," alisema.

Nilimsuuza, nikaanza kumkausha. Saa 8:30 honi ya meli ililia mara tatu.

A-hsiu aliuliza, "Ya nani hiyo inayoondoka mapema hivi?"

Nilizima mashine. Bibi Hamasaki alinitazama kupitia kioo.

"Endelea, mdogo wangu," alisema. "Nyuma bado hazijakauka."

Tulifika gatini saa 9:10. Pale ilipokuwa meli palikuwa na maji tu, na mvua ikiyatoboa. Nilimleta moja kwa moja kituoni hapa.

Nimeambiwa kwamba mwanawe amedai kwa simu kuwa nilimtilia mama yake dawa kwenye chai, na kuwa mama mwenyewe hana tena akili ya kujiongoza. Dawa sikumtilia. Akili yake ni timamu. Aliyeigusa saa ni mimi, na kosa hilo liandikwe kwa jina langu.

Afisa ameniuliza kama ninajuta. Ninajuta kugusa saa ya mtu bila ruhusa. Kuhusu usingizi wake, sina la kujuta.

Nimesomewa maelezo haya. Ni yangu, na nimeyakubali yalivyo.

(Sahihi) Su Yueh-chiao

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, Sajini Yu Cheng-wei, na kukamilika saa 10:50 jioni. Saa ya mkononi imepokelewa. Inapatana na ya kituo. Bibi Hamasaki, aliyehojiwa kupitia mkalimani, ameeleza kwamba aliirudisha nyuma yeye mwenyewe asubuhi, akiwa kwenye ngazi ya meli, na kwamba msusi hahusiki. Nimewaeleza wote wawili kuwa maelezo yao yanapingana. Hakuna aliyekubali kubadilisha.

Mwana aliahidi kupiga simu tena saa 12:00 ili azungumze na mama yake. Simu imelia saa 11:00. Mama yake amelala kwenye benchi, kichwa kikiwa begani kwa shahidi. Nimemwomba mpigaji asubiri. Sijamwamsha.